Kabla ya kuwasha kompyuta, twendeni uwandani

Mwaka juzi niliombwa kuwanoa vijana kumi na mmoja, wengi wao maafisa ardhi na mipango wa halmashauri, kwa wiki mbili za GIS, yaani kutengeneza ramani kwa kompyuta, na usomaji wa picha za setilaiti. Wote walikuwa na vyeti. Siku ya tatu wakanionyesha ramani ya matumizi ya ardhi ya kata moja wilayani Mkuranga. Ilichorwa vizuri: rangi zimepangika, mshale wa kaskazini upo, skeli ipo. Upande mmoja kijani kizito kimetanda, kimeandikwa "msitu wa asili". Tukakodi Noah, tukaenda. Mzee tuliyemkuta akifyeka aliitazama ile karatasi kwa muda, kisha akasema, "Wanangu, msitu gani? Hii mikorosho, kaipanda marehemu baba."

Vijana wale si wavivu. Walifanya kila walichofundishwa, na hapo ndipo penye uchungu wangu. Vyuoni tunafundisha kubonyeza: fungua menyu hii, chagua ile, weka idadi ya makundi, ngoja rangi zitokee. Data za mazoezi mara nyingi ni za nchi za mbali, ambako shamba ni mraba mkubwa wa zao moja. Mhitimu akiletwa Mkuranga, ambako muhogo, mnazi, mwembe na mkorosho vinabanana kwenye ekari moja, hajui aanzie wapi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Pikseli, yaani kijimraba kimoja cha picha chenye rangi moja, ya setilaiti za Marekani za Landsat ina upande wa mita 30, na ekari ni kama mita za mraba 4,047, kwa hiyo ekari nzima ya mkulima haizidi pikseli nne na nusu. Kwa Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, yenye upande wa mita 10, unapata kama pikseli 40. Haya yote yako kwenye notisi za mwaka wa kwanza, na wanafunzi wanayajibu vizuri kwenye mtihani. Lakini mpe kamba ya mita 30, avute pande nne shambani, ahesabu kilichomo ndani: miembe miwili, kibanda, tuta la muhogo, njia ya ng'ombe. Tulifanya hivyo siku ile ile, pale pale kwa mzee. Binti mmoja alisimama katikati ya ule mraba akanyamaza kabisa, kisha akauliza, "Sasa hii yote ni rangi moja?"

Kosa jingine ninalokutana nalo kila mwaka ni la vipimo. Karatasi zetu za zamani za 1:50,000 zimejengwa juu ya Arc 1960, msingi wa zamani wa kuhesabia mahali, ilhali simu na jipiesi zinatumia msingi mwingine, WGS84. Ukichukua koodineti za karatasi ukaziingiza kwenye simu bila kuzibadili, alama inahama mita zipatazo 300, zaidi kuelekea kaskazini. Nimeona zahanati ikitua kwenye mikoko. Mita 300 kijijini ni ukoo mwingine kabisa, na kwenye hati ya ardhi ni kesi. Mwalimu anaweza kulieleza hili kwa saa mbili ubaoni, au akawapeleka wanafunzi kwenye bikoni moja inayojulikana, wasome namba mbili, ya karatasi na ya simu, watembee tofauti yake kwa miguu.

Zamani tulikuwa na kisingizio cha picha. Picha moja ya Landsat 7 iliuzwa dola 600 za Marekani, na chuo gani kingenunua kumi? Tangu 2008 hazina nzima ya Landsat, inayoanzia 1972, ni bure. Sentinel nazo ni bure. QGIS, programu ya kuchorea ramani, ni bure pia, na kwa maoni yangu ndiyo ifundishwe kwanza, kwa sababu mhitimu akifika halmashauri ataikuta bila kuomba leseni. Kinachokosekana sasa ni gari, dizeli na posho ya siku tano uwandani, na bajeti ikibana hicho ndicho kinachofutwa kwanza.

Kwamba inawezekana, tumeshaona. Ramani Huria, mradi wa wananchi kuchora ramani za mitaa yao, ilipoanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani pamoja na wakazi, wakaandika mitaro na nyumba za maeneo yanayofurika. Zanzibar, wanafunzi wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha huko, walishiriki kurusha droni zilizopiga picha visiwa vyao wenyewe.

Ninachoomba kwa wanaotunga mitaala ni jambo moja. Mwanafunzi asipewe alama ya ramani mpaka aende kwenye nukta 50 zilizochaguliwa bila upendeleo, aandike alichokikuta, na alama zitokane na jedwali lake la makosa, linaloonyesha wapi ramani ilipata na wapi ilikosea.

Mimi nimeshaanza. Siku ya kwanza ya mafunzo yangu hakuna kompyuta inayowashwa. Kila mmoja anapewa picha iliyochapishwa na penseli, tunaanzia Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam. Mara ya mwisho karibu wote waliyazungushia yale mabaka meupe wakaandika "mchanga". Tulipofika, kijana mmoja alichota kidogo kwa kidole, akaonja, akafuta alichoandika, akaandika "chumvi".