Majitaka ya miji midogo: bomba au gari la kunyonya?

Mvua zikianza Novemba kwenye miji midogo ya Nyanda za Juu Kusini, kuna kazi hufanyika usiku kimyakimya: kutapisha vyoo. Upande wa shimo unaotazama korongoni huachwa tundu lililozibwa kwa matambara na udongo. Mvua ikikolea, mwenye nyumba anazibua. Mpaka kunakucha, shimo lake limepata nafasi.

Mto haubebi vyote. Sehemu ya tope hubaki bondeni, na mayai ya minyoo yanaweza kukaa hai miezi mingi kwenye udongo wenye unyevu. Kiangazi kikifika, bonde hilohilo ndilo la vinyungu, yaani bustani za bondeni: mchicha, chainizi, kabichi za kupeleka sokoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zenye kudhuru ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na anayefukuzwa mara nyingi ni mama wa kinyungu, kwa kuwa yeye huonekana mchana. Aliyetapisha juu mtaani amelala kwake.

Wanaotaka mtandao wa mabomba na mabwawa ya majitaka wana hoja nzito. Bomba likishalazwa halimuulizi mtu kama mwezi huu ana hela ya kunyonya choo. Miteremko yetu inashusha maji bila pampu. Mabwawa yenyewe hayahitaji umeme wala kemikali: la kwanza lina kina kirefu ili tope lituame na kuoza, yanayofuata ni mapana na mafupi kwa kina, jua na mwani vimalizie. Halafu kuna walio chini yetu. Ruaha Mdogo unaopita Iringa huingia Ruaha Mkuu, unaoelekea mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, kwa hiyo uchafu wetu si siri yetu peke yetu.

Tatizo ni kwamba mabomba haya yanataka maji, na mengi. Nyumba inayochota kwa ndoo haiwezi kusukuma kinyesi mpaka bwawani. Bomba litaziba kwenye chemba ya pili. Baridi nayo ina neno lake. Juni na Julai kule Mafinga au Makambako bakteria hufanya kazi taratibu, hivyo bwawa la huku linahitaji eneo kubwa kuliko la Pwani ili maji yakae siku nyingi zaidi. Na bwawa lisipotolewa tope kwa miaka, linageuka njia tu ya kupitisha uchafu kwenda mtoni. Viwango vya nchi yetu vinataka BOD (kiasi cha oksijeni ambacho bakteria hutumia kuozesha uchafu ulio majini) ya maji yanayoachiwa isizidi miligramu 30 kwa lita. Bwawa lililojaa tope haliwezi kufika hapo.

Mimi naona tuanze na gari la kunyonya na eneo la kukaushia tope, kisha mabomba yafuate penye msongamano: sokoni, hospitalini, kwenye shule za bweni. Ila gari pekee ni nusu ya kazi. Pasipo mahali halali pa kumwaga, dereva naye atatafuta bonde lake usiku. Na kuna vichochoro vya mlimani ambako gari haliingii kabisa; huko zinahitajika pampu za mkono na vijana waliovalishwa glavu na mabuti, kazi ambayo wengi wanaidharau mpaka shimo lao lijae.

Kigumu zaidi ni malipo. Ukitoza kwa safari, maskini atasubiri mvua, maana mvua ni bure. Afadhali tozo ndogo kwenye bili ya maji ya kila mwezi, na kila shimo linyonywe kwa zamu. Wapo watakaopinga, hasa wenye tenki kubwa lisilojaa haraka, na hoja yao inasikika: kwa nini walipie choo cha jirani? Lakini mchicha wa bondeni unaliwa na wote, na anayechota kwenye kioski cha maji anaweza kuchangia shilingi chache kwa ndoo bila kuumia sana, mradi gari lifike kweli mtaani kwake kabla ya Novemba.