Shemeji na Kichuguu cha Mpakani

Leo ni siku ya sita tunakula mrenda. Nimehesabu. Mvua imeshika huku Shinyalu, mrenda umeota mpaka nyuma ya choo, na Mama Ayub anasema mwenye mrenda shambani hanunui sukuma. Nimekaa mezani kwa heshima zangu zote kama mwenye boma, nikamega ugali, nikachovya, nikainua. Uzi ukafuata kutoka sahani hadi mdomoni. Nikazungusha mkono, nao ukazunguka. Ulipokatika, ulitua kwenye shati la kanisani.

Hapo ndipo shemeji wa Nairobi akasema, "Shem, nyinyi mna bahati. Mnakula vitu asili."

Bahati! Ghala langu tangu Machi linalindwa na panya wawili waliokata tamaa. Mahindi mapya yako magotini. Avokado ziko, lakini hata nguruwe wa jirani siku hizi anazipita akiangalia kando.

Shemeji akataka kumbikumbi. Amesoma kwenye simu wana protini. Na shemeji hanyimwi kitu, hilo mnalijua. Shida ni kwamba kichuguu changu kiko mpakani: mlango uko kwangu, mgongo uko kwa mzee jirani. Manyunyu ya mchana yalipokatika tukachomeka fito, tukafunika blanketi, tukachimba kishimo mdomoni na kukitandika majani ya mgomba. Watoto wakaanza kugonga ubao kwa vijiti ili mchwa wadhani ni mvua. Shemeji akawanyang'anya vijiti, eti anajua isukuti, ngoma yetu ya huku. Mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha isukuti kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kwa jinsi shemeji alivyogonga, leo nimewaelewa.

Kumbikumbi hawakutoka. Aliyetoka ni mzee jirani, sufuria mkononi.

"Baba Ayub, unawaamsha mchwa wangu?"

"Shikamoo mzee. Mlango uko kwangu."

"Na wamelala wapi usiku kucha?"

Nikakosa jibu. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, nimesimama na blanketi la mke wangu nikijadili mchwa hulala upande gani! Nikamwambia mzee wangu, kwa adabu, kwamba marehemu baba alipanda mkonge hapa. Akasema marehemu baba yake ndiye aliyemwazima huo mkonge. Shemeji bado anagonga. Nikamfokea, "Wacha!" Shemeji! Nimemfokea shemeji!

Kukawa kimya. Ndipo wakatoka, mabawa yakimeta, kupitia tundu jipya upande wa mzee. Kabla hajainamisha sufuria, kuku wangu wanane walikuwa wamevuka mkonge. Hawakubakisha hata bawa.

"Sawa," mzee akasema, akimtazama yule mtetea mnene. "Huyo sasa amebeba mali yangu tumboni."

Mtetea ndiye tumemla usiku huu. Paja moja limekwenda kwa mzee, imondo, yaani firigisi, amepewa shemeji kwa kuwa ni mgeni, mimi nimepewa shingo. Kesho anarudi Nairobi na gunia la avokado, na nauli ya gunia nadhani nitailipa mimi. Alituletea biskuti.

Na lile doa la mrenda bado liko kwenye shati, na kesho ndiyo Jumapili. Nasikia ndimu hutoa. Mndimu tulikuwa nao, tuliukata mwaka jana. Ulikuwa mpakani.