Kwenda na mbwa Vienna: tunampeleka kwa ajili yake au kwa ajili yetu?

Mwaka jana niliweka picha ya mbwa wangu Kashata kwenye grupu la ukoo, kalala chini ya meza ya mgahawa Vienna, na ndani ya dakika kumi mjadala ukawa umeshawaka. Binamu yangu wa Tanga akauliza mbwa ana shida gani na Vienna, si ungemwacha tu na chakula chake. Mdogo wangu anayeishi Hamburg akasema huyo ni mwanafamilia, huwezi ukaenda kula raha ukamwacha kwa watu baki. Alafu shangazi akatuma voisi ndefu, cha msingi alichosema ni kwamba mnamsumbua kiumbe wa Mungu bure. Tangu siku ile hilo swali halijanitoka kwasababu kila mmoja wao kashika kitu cha kweli, na mimi yote mawili nimeshafanya, nimeshasafiri nae na nimeshamwacha, na sijawahi kurudi nyumbani nikiwa na uhakika kwamba nimefanya sawa.

Mimi naishi München. Kashata ana kilo 17, chotara, kaokotwa mitaani Romania kabla sijampata, sa hivi ana kama miaka sita. Safari ninazozungumzia ni zile za siku mbili tatu, ijumaa jioni unapanda treni jumapili usiku umerudi, Vienna, Zürich, Verona, Prague. Sio kuhama na sio likizo ya mwezi mzima, hiyo ni habari nyingine.

Upande wa karatasi kwa kweli ndo mwepesi kuliko watu wanavyodhani, ukiwa ndani ya Umoja wa Ulaya. Mbwa anatakiwa awe na chipu chini ya ngozi, chanjo ya kichaa cha mbwa, na pasipoti yake ya bluu inayojazwa na daktari wa wanyama. Chipu inatangulia, chanjo inafuata, ukigeuza mpangilio huo chanjo haihesabiki, na ikiwa ndo chanjo ya kwanza unasubiri siku 21 kabla ya kuvuka mpaka. Wanapokwama watu ni kwenye kurudia chanjo. Rafiki yangu mmoja alichelewa siku nne tu kuirudia, na ukichelewa ile mpya inahesabiwa kama ya kwanza, zile siku 21 zinaanza upya, kwaiyo hoteli aliyokuwa ameshalipia ikapotea. Tena ukitaka kwenda Ireland, Finland, Malta, Norway au Uingereza kuna dawa ya minyoo anayotakiwa apewe na daktari kati ya masaa 24 na 120 kabla ya kuingia, na iandikwe. Ndugu zetu wa London ndo wenye kazi kubwa zaidi, maana tangu Januari 1, 2021 pasipoti za mbwa zilizotolewa Uingereza hazitambuliki huku, wanakata cheti kwa daktari ndani ya siku 10 kabla ya kuingia, na wanalipia.

Usafiri nao unategemea uzito. Kwenye ndege, mashirika kama Lufthansa na KLM yanaruhusu mbwa akae na wewe ndani ikiwa yeye na begi lake hawazidi kilo 8, akizidi hapo anaenda chini kwenye mizigo, na Ryanair na easyJet hazichukui mbwa kabisa zaidi ya wale wa kuwasaidia walemavu. Mimi kumweka Kashata chini kwenye mizigo kwa ajili ya wikiendi siwezi, hilo sina mjadala nalo. Treni ndo mkombozi wetu. Ya Ujerumani mbwa mdogo aliyeko kwenye begi anapanda bure, mkubwa analipa nusu nauli kama mtoto, awe na kamba na kikapu cha mdomo, kile cha kumvalisha asing'ate. München mpaka Vienna ni masaa manne, analala miguuni, akiamka tumefika. Lakini Eurostar ya kwenda London hawapandi, kwaiyo wenye mbwa wanazunguka kwa gari wanaingia kwenye handaki pale Calais, dakika 35 mbwa akiwa humo humo ndani ya gari.

Sasa utamu wa kwenda nae ni upi? Safari ya kwanza ya Vienna nae ilikuwa mwezi wa tatu, baridi ya kiasi. Saa kumi na mbili asubuhi Kashata alishanisimamia kitandani, hakuna namna, tukatoka tukaenda Prater, bustani kubwa ya mji, kwenye ile barabara ndefu ya miti, kilomita nne na ushee, na kulikuwa na ukungu, wakimbiaji wachache, na mbwa wengine na wenyewe. Nimeshawahi kwenda Vienna mara mbili bila mbwa na sikuwahi kuuona mji ukiamka, nilikuwa naamka saa tatu naenda kupanga foleni kwenye makumbusho. Na kuna jambo jingine ambalo weusi wenzangu wanaoishi huku watanielewa. Ukitembea peke yako kwenye mji usiokujua watu wanakupita, wengine wanabana begi kwapani, ila ukiwa na mbwa mzee wa kwenye benchi anakuuliza mbwa ana umri gani, anakuambia wa kwake alikufa mwaka juzi, mnakaa robo saa mnaongea na Kijerumani chake cha Vienna nusu sikielewi. Siku ile waliongea na mimi watu watano kabla sijanywa chai. Hiyo kwangu ni sababu nzito na siionei haya, ila naona pia kwamba hiyo ni faida yangu mimi, mbwa yeye alikuwa ananusa miti, na miti ipo hata München.

Na hapo ndo ninapoanza kumsikiliza shangazi, maana ilipofika saa tano mji ukajaa. Pale Stephansplatz, uwanja wa katikati ya mji, wanapanga farasi wa kuvuta magari ya watalii, na Kashata hajawahi kuona farasi sita wamesimama kwenye mawe wanapiga kwato, alilala chini kabisa tumbo likagusa ardhi, mkia ndani, akawa anatetemeka mpaka kamba inatikisika mkononi mwangu. Nikamwondoa, tukashuka chini kwenye treni za mjini, na huko kuna ngazi za umeme, zile ni hatari kwa mbwa kwasababu kucha na vidole vinaweza kunasa pale meno ya ngazi yanapoingia, kwaiyo kilo 17 nikambeba kifuani juu na chini, watu nyuma yangu wana haraka. Halafu kwenye treni na tramu za Vienna kikapu cha mdomo na kamba ni lazima vyote viwili. Ukimvalisha kwa mara ya kwanza siku ya safari unamtesa, mimi nilimfundisha wiki tatu nyumbani kwa kumpakia siagi ya karanga ndani yake mpaka akawa anaingiza mdomo mwenyewe. Na kiwe kile cha waya au plastiki chenye nafasi, aweze kufungua mdomo, kuhema na kunywa maji, sio kile cha kitambaa kinachobana.

Usiku ulikuwa mbaya zaidi. Hoteli iliandika mbwa wanaruhusiwa na ikachaji zaidi kwa kila usiku, sawa, ila hakuna kumwacha peke yake chumbani, nami hiyo sheria niliiona baadae. Nikatoka jioni kwenda kula na marafiki saa moja tu. Reception wakanipigia baada ya dakika ishirini. Nikarudi nikamkuta nyuma ya mlango, sakafu imelowa mate, sauti imeshaanza kumkauka kwa kulia. Hakuelewa kile chumba ni nini wala kama nitarudi. Wanaosema mbwa wao anakaa tu hotelini siwapingi, wapo mbwa wa hivyo, ila wengi wetu hatujui mbwa anafanya nini tukifunga mlango mpaka jirani atuambie.

Mara ya pili nilienda mwezi wa saba, na hili nalijutia. Joto lilifika digrii 34, mawe ya katikati ya mji yanachoma, weka mgongo wa mkono chini sekunde saba, ukishindwa kuvumilia basi na yeye hawezi kukanyaga. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anajipooza kwa kuhema, na wale wa pua fupi kama bulldog na pug hata kuhema kwenyewe ni shida, ndo maana mashirika mengi ya ndege hayataki kuwapakia chini. Tulishinda kwenye kivuli tunatafuta maji. Nikamkumbuka shangazi, kwasababu ndo yeye aliyetusimulia tukiwa wadogo ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe. Nyumbani kwetu mbwa hagusi chombo, akikiramba kinaoshwa mara saba na moja iwe kwa udongo, lakini kwenye ile voisi yake shangazi hakugusia unajisi hata kidogo, alizungumzia huruma. Nilipoisikiliza mara ya pili, nimekaa pembeni ya bomba Vienna, iliniingia.

Lakini binamu anaposema "mwache" inabidi aseme amwache wapi. Kumwacha ndani peke yake siku mbili hapana. Hoteli ya mbwa niliijaribu nilipoenda Zürich, ni sehemu safi tu na watu wapole, ila alirudi amekonda, ananifuata mpaka chooni wiki nzima, kwa mbwa aliyeishi mitaani kufungiwa na mbwa wengine thelathini wanaobweka sio pumziko. Kilichofanya kazi ni bibi mmoja wa ghorofa ya pili kwenye jengo letu, mjane, alikuwa na mbwa wake zamani. Kashata anamjua, anapita njia zile zile za pembeni ya mto Isar, analala kwenye blanketi lake. Nilipomwacha kwake mara ya kwanza nilipiga simu mara nne siku moja, bibi akaniambia kwa upole mwanangu, huyu kashalala, na wewe lala.

Kwaiyo mimi nimefika hapa: anayempeleka na anayemwacha wote wanaweza kuwa sahihi, kinachoamua ni safari yenyewe ni ya nini. Kama ni kutembea, kukaa nje, kula mgahawa wenye meza barazani, mji wa masaa manne kwa treni, mwezi wa baridi ya kiasi, na mbwa wako ni mtulivu, mchukue, mtafurahi wote wawili. Kama umekata tiketi za makumbusho na opera, au ni kiangazi kusini, mwache na mtu anayemjua, na kama huyo mtu huna basi tafuta kwanza mtu ndo utafute hoteli. Mdogo wangu wa Hamburg hapo tunatofautiana, yeye anaona kumwacha ni kumsaliti. Mimi naona mbwa hana habari na Vienna, ana habari na wewe na ratiba yake, na tukimvutavuta katikati ya watu elfu moja ili tupate picha tumejifikiria wenyewe.

Kuna la sheria pia ambalo watu hawalikagui. Denmark tangu 2010 imepiga marufuku aina 13 za mbwa, na England na Wales kuanzia Februari 1, 2024 kumiliki mbwa wa aina ya XL Bully bila kibali maalum ni kosa la jinai. Mwenye chotara asiyejulikana asili yake asidhani hayamhusu, maana mbwa anaweza kuhukumiwa kwa sura. Na ukishuka Italia muulize daktari kuhusu ugonjwa wa lishmaniasisi, unaletwa na vijinzi vidogo vinavyouma jioni, ni ndugu wa ile kala-azar wanayoijua watu wa Baringo na Turkana, kuna kola maalum za kuvifukuza.

Binamu aliniuliza pia kwanini basi nisije nae Tanga. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo mbwa anarudi Ulaya kwa chanjo peke yake, inatakiwa damu ipimwe kuona kinga ya kichaa cha mbwa imefika, na ukisahau kupima kabla ya kuondoka inachukuliwa huko huko kwenu kisha anasubiri miezi mitatu ndo arudi. Ukipima mapema huku na ikaandikwa kwenye pasipoti hayo ya kusubiri hayakuhusu. Inawezekana kabisa. Ila kuna masaa yote yale ya ndege kwenye mizigo, halafu joto la Tanga, halafu nyumba ambayo watoto wakimwona watapanda juu ya viti. Sitomfanyia hivyo.

Mwezi wa kumi naenda Prague, safari hii kuna harusi ya rafiki, siku tatu, ukumbi na muziki mpaka usiku. Bibi wa ghorofa ya pili nimeshaongea nae, nimempelekea blanketi, bakuli, kopi ya pasipoti na namba ya daktari. Verona tutaenda na Kashata mwezi wa pili, kukiwa na baridi, na hoteli nimechagua ya ghorofa ya chini isiyo na lifti.