Kabla ya kununua farasi, tufungulieni njia

Katika kikao kimoja cha wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, kijana mmoja aliinuka akapendekeza kaunti inunue farasi 20 kwa ajili ya watalii. Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Mimi pia nilipiga, kwa sababu alizungumza vizuri, na kwa sababu tulikuwa tumekaa saa tatu tukisikiliza habari za mitaro. Nilipokuwa narudi nyumbani, nimebebwa na bodaboda, ndipo swali likanijia: hao farasi 20 watapita wapi?

Mimi ni mtu wa Laikipia, hapa Kenya. Nimekulia upande ule wa ua wa waya ambako farasi unawaona tu wakipita. Wageni kutoka Ulaya na Marekani huvuka bahari kuja kupanda farasi huku, na wamekuwa wakija tangu kabla sijaanza shule. Mimi mwenyewe nilipanda kwa mara ya kwanza nikiwa darasa la sita, na nilipanda kwa sababu mjomba wangu alikuwa saisi.

Kwa wasiolijua neno hili, saisi ndiye mtunza farasi. Ndiye anayewalisha, anayewasugua, anayewachokoa kwato asubuhi na jioni, na ndiye anayejua kabla ya daktari yeyote kwamba fulani leo hakumaliza chakula chake. Mjomba aliifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 30 kwenye ranchi moja kaskazini mwa Rumuruti. Siku aliyonichukua kwenda kazini kwake, alimtoa jike mmoja wa rangi ya kahawia, akamwekea blanketi, akaweka tandiko, akakaza ule mkanda unaopita chini ya tumbo. Nikadhani zamu yangu imefika. Badala yake alishika hatamu akamtembeza hatua kama kumi na tano, akasimama, akakaza tena. Mkanda uliingia matundu mawili zaidi.

"Alikuwa amejaza pumzi," akaniambia. "Wanajua hawa. Ukikaza mara moja ukapanda, yeye akishusha pumzi tandiko linazunguka, na wewe unazunguka nalo hadi chini ya tumbo."

Tangu siku hiyo, kila nikisoma makadirio ya mradi wowote wa umma humkumbuka jike yule.

Turudi kwa wageni. Raha yenyewe ninaielewa. Ukitembea kwa miguu porini, punda milia anakuona ukiwa mbali na anaondoka. Ukiwa juu ya farasi anainua kichwa, anakuangalia, anarudi kwenye nyasi zake. Twiga wao husogea kuchungulia. Yule punda milia wa Grevy, mwenye mistari myembamba na masikio mapana kama majani ya mgomba mchanga, ambaye duniani kote wamebaki maelfu machache tu na wengi wao wako Laikipia na Samburu, unaweza kupita kando yake kama jirani. Hakuna injini, hakuna vumbi la magari saba yaliyomzunguka simba mmoja. Kwa ndovu tu ndipo kiongozi anasimamisha msafara, anaangalia upepo unaelekea wapi, kisha anawazungusha mbali.

Kwa raha hiyo mgeni hulipa mamia ya dola kwa usiku mmoja. Sina kinyongo na wanaotoza, kwa maana farasi ni mnyama wa gharama. Ninachosema ni kwamba biashara hii imekuwa huku miongo mingi na bado inaanzia ndani ya lango na kuishia ndani ya lango. Mama anayeuza chai Rumuruti hajawahi kumuuzia kikombe mtu aliyefika kwa farasi.

Sababu yake iko kwenye ardhi, na ni ya zamani. Mkataba wa 1904 uliwatoa Wamaasai Bonde la Ufa, wengi wakaletwa huku Laikipia. Ule wa 1911 ukawaondoa huku tena, wakapelekwa kusini, na nyika ikagawiwa walowezi. Baadaye ranchi zikazungushiwa waya. Nyingine ziliuzwa zikakatwa vipande, vingine vikauziwa watu ambao mpaka leo hawajavikanyaga. Katikati ya hayo yote kulikuwa na njia: za kupeleka ng'ombe mtoni, za kwenda mnadani, za kutoka kijiji hiki hadi kile. Baadhi zimebaki kwenye ramani za mpima ardhi. Nyingi zimebaki kwenye vichwa vya wazee, na wazee wenyewe wanapungua.

Mwaka 2017 tuliona hasira za ardhi hii zinavyoweza kulipuka. Ukame ulikaza, wafugaji wenye silaha wakaingia kwenye ranchi na maelfu ya mifugo, watu wakafa. Mwezi Machi, Tristan Voorspuy, mmoja wa watu waliolijenga jina la safari za farasi nchini Kenya, alipigwa risasi akafa huko Sosian, ranchi ya hapa Laikipia, alipotoka kwa farasi kwenda kukagua nyumba zilizochomwa. Hakuna kisingizio cha kitendo kile. Ila mtu anayepanga utalii wa farasi Laikipia bila kuuliza majirani wa njia hiyo wanapata nini, huyo amejaza pumzi.

Kwa hiyo naomba yule kijana wa kikaoni anisamehe nikisema tumeshika mkia badala ya hatamu. Kununua farasi ni kazi ya wiki moja. Kazi yenyewe hasa ni njia, na kwa bahati nzuri hiyo ndiyo sehemu ambayo kaunti ina mamlaka nayo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti barabara zake, utalii wa ndani, huduma za mifugo na udhibiti wa magonjwa ya wanyama. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaziwezesha jamii kusajili ardhi yao na kuamua nani apite na kwa masharti gani. Wapima ardhi wapo. Wazee bado wapo, wachache. Apewe mpima ardhi mmoja pikipiki na mzee mmoja wa kumwonyesha, waanze kuweka alama.

Mfano ninaoupenda ni Lesotho. Malealea, kwenye milima ya magharibi, mgeni akitaka kusafiri kwa farasi siku mbili tatu, nyumba ya wageni inampangia, lakini farasi ni wa wanakijiji. Wenye farasi hushika zamu. Leo wako anabeba mgeni, wiki ijayo wa jirani. Usiku mgeni analala kwenye kibanda kijijini, na hapo pia kuna mtu anayelipwa. Hata Bale, kule Ethiopia, mgeni akifika Dinsho kwenye lango la mbuga hukodi farasi wa wenyeji kupitia waongozaji wa palepale. Watu wakisikia habari za Lesotho husema, "Lakini wale ni watu wa farasi tangu zamani." Ni kweli. Ila angalieni kitu cha pili: milima ile haina ua. Mwenye farasi wa Lesotho anatoka mlangoni kwake na kwenda popote, kwa sababu njia ni ya kila mtu. Sisi farasi tunao, na masaisi tunao waliorithishana ujuzi baba kwa mwana, Waturkana, Wasamburu, Wakikuyu. Tulichopoteza ni kule kutoka mlangoni.

Na hao masaisi nani anawahesabu? Mjomba alipostaafu, cheti chake kilikuwa barua ya mwajiri wake, iliyokunjwa mara nne, imeanza kukatika kwenye mikunjo. Anajua kutibu kidonda cha mgongoni kilichotokana na tandiko baya. Anajua kwamba farasi wa kilo 450 hapaswi kubebeshwa zaidi ya kilo 90, mtu na tandiko pamoja, hata mgeni awe mheshimiwa. Kwato lazima zipunguzwe kila wiki sita hadi nane, na atakuonyesha kwa kidole ni wapi kisu kikizidi kidogo tu mnyama atachechemea. Akienda kuomba kazi leo ataulizwa karatasi.

Sasa kuhusu kununua wale 20. Kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, ambao virusi vyake huenezwa na usubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu vinavyouma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Punda milia hubeba virusi hivyo bila hata kukohoa, na punda wetu wa mikokoteni nao huhimili. Farasi hahimili. Ukishuka mapafuni, katika kila kumi wanaougua huweza kufa tisa. Mjomba alishawahi kumpoteza mmoja aliyemlea tangu kuzaliwa: asubuhi alikuwa amezubaa tu, jioni povu jeupe linamtoka puani kama la sabuni, kabla ya usiku wa manane kimya. Chanjo ipo, inatengenezwa hapahapa nchini na taasisi ya KEVEVAPI, lakini inataka kudungwa kila mwaka, inataka jokofu, inataka mtu anayekumbuka tarehe. Na baada ya mvua, farasi aingie bandani kabla jua halijazama. Ongeza kupe. Ongeza lita 30 hadi 50 za maji kwa kila kichwa kwa siku, katika nchi ambayo mama anatembea na dumu la lita 20 mgongoni. Mnyama wa umma, asiye wa mtu, hatamaliza misimu miwili ya mvua. Mwenye farasi wake mmoja, anayemlipia karo ya mtoto, atamwingiza bandani saa kumi na moja jioni bila kukumbushwa.

Ningeulizwa tuanzie wapi, ningesema Nyahururu. Maporomoko ya Thomson, mita 74, tayari yanavuta watu kila Jumapili. Wanapiga picha, wanakula mahindi ya kuchoma, wanageuza gari kurudi Nairobi. Maji yale yale ya mto Ewaso Narok wanayoyapiga picha huteremka hadi Rumuruti, kilomita 30 na ushei kwa barabara, kisha yakaungane na Ewaso Ng'iro. Kwa farasi anayetembea bila haraka hiyo ni safari ya siku mbili zenye raha: siku ya kwanza kupitia Msitu wa Marmanet, kwenye baridi na miti, ya pili kushuka kwenye joto na migunga. Msitu uko chini ya Huduma ya Misitu na una vyama vya jamii vinavyosaidia kuutunza, kwa hiyo wa kuzungumza nao wanajulikana. Patakuwa na mahali pa kulala katikati, banda la farasi lenye wavu wa kuzuia usubi, na jiko la akina mama. Mizigo ibebwe na punda, ambao heshima yao ilishuka sana miaka ile machinjio ya punda yalipokuwa yakinunua kila aliyefungwa ovyo barabarani, hadi serikali ikapiga marufuku 2020.

Nimeshaulizwa kwa nini nisiseme ngamia. Nasema ngamia pia! Maralal wana mashindano yao tangu 1990, na kando ya Ewaso Ng'iro kuna safari za kutembea na ngamia wa mizigo. Njia ikiwa wazi haiulizi mnyama. Atapita ngamia, atapita baiskeli, atapita mtoto anayekwenda shule, na ng'ombe watapita kwenda majini kama zamani. Hapo ndipo mfugaji naye ataona ana sababu ya kuilinda.

Kuna wanaosema farasi ni mchezo wa wazungu. Siku za sikukuu, mtu akimleta farasi mmoja mjini kwetu, foleni ya watoto hufika hadi stendi. Wanalipa, wanapanda, wanazungushwa mara moja, wanashuka wakiwa wamebadilika sura. Huo mchezo wa wazungu mbona tunaupangia foleni?

Mwezi uliopita nilimwomba mjomba anionyeshe njia ya zamani ya ng'ombe, ile waliyopitia yeye na ndugu zake kwenda mtoni kabla hajaajiriwa. Tulitembea karibu saa nzima. Hakusita popote. Alikuwa akitaja mti kabla hatujaufikia, jiwe kabla hatujaliona. Kisha tukafika kwenye lango la chuma, jipya, limepakwa rangi ya kijani, na upande wa pili njia ikiendelea vilevile kama iliyokatwa na mkasi. Hapakuwa na bango wala mlinzi. Mjomba alilishika kufuli, akaligeuza, akalipima uzito mkononi kama anayenunua nyama.

"Hili la bei rahisi," akasema. "Mvua mbili tu linashika kutu."

Akaliachia, likagonga chuma. Tukageuka kurudi, naye akatangulia.