Mtu Mkubwa Hukaa Kulia

Kilichoiponza Volkswagen yangu ni heshima.

Ilikuwa Coccinelle, ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, ya mwaka 1972, mwaka uleule ambao aina hiyo iliipita Ford T, gari la zamani la Wamarekani, kwa wingi wa magari yaliyotengenezwa. Habari hiyo nilimpa kila abiria, atake asitake. Injini nyuma, buti mbele, radieta hakuna kabisa, maana injini ile inapozwa na upepo. Mtu anayeishi tambarare hawezi kuona utamu wake. Lakini sisi wa Bukavu, mji wa milima kando ya Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, ambao ukienda kununua chumvi unapanda kilima na ukirudi unapanda kingine, tunaelewa. Msimu wa mvua, jeep za wakubwa zikiserereka kwenye matope ya Kadutu, mimi napita polepole, uzito wote wa injini umekalia tairi za nyuma, nawapigia honi ya salamu.

Vituko navyo vilikuwepo. Maji ya kusafishia kioo cha mbele yalisukumwa na upepo wa tairi ya akiba. Ndiyo: mpira mwembamba unatoka kwenye tairi, unakwenda kwenye chupa ya maji. Wajerumani haohao tunaoambiwa hawana mzaha! Kwa hiyo ukisafisha sana matope mtaa wa Nyawera, tairi ikitoboka mtaa wa Panzi unakuta ile ya akiba imelegea, ukiibonyeza kwa kidole inakubali. Nikazoea kutembea na pampu ya baiskeli.

Kituko kikubwa kilikuwa batri. Ilikaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Kiwandani waliiwekea kifuniko, kwa sababu kiti chenyewe kina springi za chuma, ambazo zikigusa vichwa vya batri umeme unazipasha moto, na juu ya springi kimejazwa makumbi makavu. Kifuniko changu kilipotea zamani za mwenye gari wa kwanza, na fundi akaweka kipande cha katoni ya sabuni. "Papa," akaniambia, "watoto wakikaa hapo, hakuna shida." Na kweli, watoto walikaa hapo mpaka wakarefuka, shida haikuonekana.

Ikaja arusi kule Bagira.

Shangazi wa mke wangu ni mama wa mwili na wa cheo. Yeye ndiye anayepokea wageni, yeye ndiye anayehesabu mahari, na akikohoa kwenye kikao cha familia, wanaume wanatafuta pa kuweka mikono. Siku hiyo alikuwa amevaa kikwembe kipya cha wax na kilemba kilichogusa dari. Sasa wewe mwenyewe unajua, kuanzia gavana mpaka bwana arusi, mtu mkubwa hukaa nyuma, kulia. Nilimfungulia mlango, nikakunja kiti cha mbele, akaingia kwa awamu. Mbele akakaa shemeji yangu na keki ya arusi mapajani.

Ilikuwa imenyesha usiku kucha, na baridi ya ziwa, kwenye mita karibu 1,500 juu ya bahari, si ya kuchezea. Tulipoanza kupanda, nikasikia sauti ya kuridhika nyuma yangu.

"Mukwe, hii gari yako iko na joto muzuri."

"Ni Wajerumani hao, mama. Injini iko nyuma, inakuletea joto."

"Kumbe! Watu wanaitukana bure."

Nikanyoosha mgongo. Nikamwelezea habari za Ford T. Barabara ilikuwa mashimo matupu, na kila shimo springi zilishuka kidogo, na katoni ya sabuni, nadhani, ilikuwa inafanya kazi yake ya mwisho duniani.

"Mukwe, joto inatosha. Zima."

Nikashusha kishikio cha joto pembeni ya breki ya mkono. "Nimezima, mama."

"Unazima wapi? Inaongezeka!"

Shemeji akanusa keki. Mimi nikanusa dirishani. Ilinuka kama saluni ambayo mtu amesahau pasi ya nywele juu ya kichwa cha mteja.

"Mukwe! Mukwe weee! Niko naungua!"

Coccinelle ina milango miwili tu. Aliye nyuma hatoki mpaka aliye mbele atoke, na aliye mbele hatoki akiwa na keki ya ghorofa tatu. Moshi ukaanza kupanda nyuma ya kilemba. Shemeji akapitisha keki dirishani kwa motari, mwendesha pikipiki za abiria, wa kwanza aliyesimama kututazama. Motari akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akauliza, "Napeleka wapi?" Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa tunamvuta shangazi, mmoja mkono, mwingine mkono, naye anavutana nasi kwa sababu hataki kilemba kiguse mlango. Alipochomoka, alichomoka na shemeji chini yake.

Mama mmoja muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, hakuuliza chochote. Alichukua beseni lake, samaki akawakinga kwa kiganja, maji akayamwaga: nusu kwenye kiti, nusu kwenye makalio ya shangazi. Moto ukazimika pande zote mbili.

Mwili haukupata kitu, Mungu ni mwema. Kikwembe ndicho kilichoumia: nyuma, mahali pa kukalia, palichorwa duara jeusi la springi, safi, kana kwamba limepigwa muhuri wa ofisi. Arusini shangazi alisimama mgongo ukutani tangu mwanzo hadi mwisho, hakucheza hata wimbo mmoja, na watu walijiuliza ni nani ameleta sambaza. Keki ilifika kabla yetu. Motari aliuliza uliza mpaka akaipata arusi, akala na kushiba.

Jioni hiyohiyo familia ilikaa. Alikohoa. Gari likauzwa.

Lilinunuliwa na kijana wa Kadutu, ambaye alikata kipande cha ubao, akakiweka juu ya batri, basi. Ubao! Mimi nikapewa ushauri wa kununua gari la watu wazima, nikaleta Toyota iliyotumika kutoka Japani, usukani kulia, wakati barabara zetu ni za kuendeshea kulia. Kupita lori ni lazima umuulize abiria. Na kila nikiwasha, mwanamke ananiongelesha Kijapani. Mpwa wangu alitafuta kwenye simu: anasema sijaingiza kadi ya barabara za kulipia. Bariera zetu ni kamba, na mwenye kamba anataka pesa mkononi. Nilipofikiria kutafuta Coccinelle nyingine, nikakumbuka kiwanda cha mwisho, kule Puebla, Meksiko, kiliacha kuzitengeneza mwaka 2003.

Juzi tulikuwa na kilio Bagira. Shangazi nyuma, kulia. Katikati ya mlima Toyota ikachemka, mvuke ukatoka mbele, nikazima, nikawasha, Mjapani akanikumbusha kadi. Hapo nikasikia ule mlio, taka-taka-taka, ukipanda bila haraka. Kijana wa Kadutu akasimama, akatusalimu vizuri sana.

Shangazi alikuwa ameshashuka. Aliizunguka Coccinelle, akaikagua, akamwambia kijana amfungulie.

"Mimi nakaa mbele," akasema. Kisha akanigeukia. "Mukwe, wewe baki hapa na huyo mama wa Japani, mpaka amalize kusema."