Maboga yenye meno mu barua ya kilio

Vijana wa leo mukitaka kusalimia mutu munatuma stika mu simu, basi imeisha. Sisi tulikuwa na Outlook Express, programu ya imeili ya ku kompyuta, na ndani yake kuna kitu kinaitwa karatasi ya barua, unaandika imeili yako na nyuma ya maandishi kunatokea maua, njiwa, jua linazama, zingine ziko na muziki kabisa, mutu anafungua barua na wimbo unaanza hata hajasoma jina lake. Mimi nilikuwa mugonjwa wa hizo karatasi. Nilikuwa nazipakua mu siber ya enternete kule Nyawera, mu muji wa Bukavu, naweka mu fleshi, napanda nayo Kadutu kwa miguu, mama watoto ananiangalia tu, siku moja akaniuliza kama hayo maua yanapikwa na mafuta ao bila mafuta.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya okazyo, mutumba, Windows XP, ile Microsoft iliacha kuihudumia mwezi wa 4 mwaka 2014 lakini ya kwangu hiyo habari haikuifikia, ilikuwa inachapa kazi tu kila umeme ukirudi.

Na karatasi zangu zilikuwa zimepangwa, musisikie maua mukafikiri sina akili. Kulikuwa dosye, yaani folda, ya Kilio, ya Ndoa, ya Noeli, ya Ubatizo, na mwisho kabisa moja ya Zisizojulikana, ndani nilikuwa natupa vitu vya Wamarekani ambavyo sikuona kazi yake huku kwetu. Ndani ya kila dosye kila karatasi iko na kadosye kake peke yake, na hiyo haikuwa ushamba, iko na sababu. Karatasi moja ni fishie, yaani faili, tatu: kuna ile ya htm yenye kupanga ukurasa, kuna picha, kuna muziki. Ile ya htm haibebe picha ndani yake, inaiita tu kwa jina, inasema leta fond.jpg, leta musique.mid. Sasa wale batu wanaotengeneza hizo vitu ni wavivu wa majina, karibu kila picha inaitwa fond.jpg, ya kilio fond.jpg, ya harusi fond.jpg, kwa hiyo ukizilaza kitanda kimoja unatafuta maneno.

Njo akafika mutoto wa dada yangu, likizo, amemaliza mwaka wa kwanza wa enformatike na sasa hakuna kitu mu hii dunia ambacho hajui. Akafungua mashine yangu, akatikisa kichwa. «Tonto, mujomba wangu, hii ni desorde gani?» Nikamwambia usiguse. Akasema sawa tonto. Nyinyi wenye muko na bapwa munajua hiyo «sawa tonto» uzito wake.

Nilipoenda kazini akaanza kupanga kisomi. Htm zote dosye moja, picha zote dosye moja, muziki yote dosye moja. Mashine ikamuuliza, maskini, mashine ilikuwa na heshima kumushinda, ikasema hapa kuna fishie ingine yenye jina fond.jpg, niibadilishe? Akakliki Oui, ndiyo. Ikauliza tena. Akakliki Oui. Ya tatu akachoka, akakliki «Oui pour tout», ndiyo kwa zote, na hapo kila picha ikamumeza mwenzake, na muziki vile vile, kufuata alfabeti, mupaka ikabaki moja tu, ile ya Z, ya mu Zisizojulikana. Na fishie iliyofunikwa namna hiyo haiendi mu kopo la takataka ukaiokote, imekwenda.

Akajaribu karatasi moja, ikakuja nyeupe, haina kitu. Ah! Akaelewa kwamba htm haione picha, basi akakusanya zote tena, htm, picha na muziki, akazimwaga mu dosye moja kama sambaza, vile visamaki vidogo, mu beseni. Akajaribu moja tena, safari hii picha ikatokea na muziki ikapiga, akaridhika, akazima mashine. Wala hakuniambia.

Wiki hiyo hiyo tukafiwa na muzee wetu mumoja, Bagira. Mimi njo mutu wa imeili mu familia, komite ya kilio ikanipa kazi ya kuandikia wale wa ng'ambo wachange ya sanduku na chakula. Siwezi kuacha kilio, nikamupigia mpwa, nikamwambia umeme ukiwaka chukua karatasi ya Kilio, ile ya mushumaa, andika hivi na hivi, tuma kwa liste yote. Nikamusomea neno kwa neno: «Kwa huzuni kubwa tunawajulisha...» Akaandika muzuri, hata makosa hakufanya.

Kisha simu ikalia, ni shangazi wa Liège, kule Ubelgiji. Hakusalimia. «Mumenitumia nini? Nimefungua ku kazi, kuna boga inanichekea, iko na meno, iko na moto mu macho, na kinanda inalia kama ya mashetani na haikome, batu wote wa biro wamesimama!» Haikome, ndiyo, juu ule aliyetengeneza alikuwa ameiandikia irudilie bila mwisho. Na Outlook yangu nilikuwa nimeiwekea alama ya kutuma picha pamoja na barua, hakuna aliyeponea. Mujomba muchungaji wa Kinshasa alisema amezima kompyuta kwa jina la Yesu na hataiwasha mupaka afunge siku tatu. Binamu wa Montréal yeye akajibu tu: «Halloween njema, nani amekufa?»

Nikamuuliza mpwa, wewe uliona hiyo boga? Akasema niliona. Na ukatuma? «Tonto, mimi niliona kitu kama fuvu, nikasema kilio ni kilio. Na si hiyo Halloween, sikukuu yao ya kutishana na maboga ya meno, inaangukia tarehe 31 Oktoba, kesho yake Watakatifu Wote, kesho kutwa ni Wafu? Haiko mbali.» Nikakosa cha kujibu, na hiyo njo iliniuma kuliko boga.

Karatasi nyingi nilizirudisha, musinihurumie sana. Barua za zamani zilikuwa zingali mu sanduku la zilizotumwa na picha zake ndani, unafungua moja, unaenda mu Fichier, unaichunga tena kama karatasi ya barua. Nilifanya hiyo kazi usiku kwa usiku kufuatana na umeme, mpwa nilimukalisha nyuma ya mulango.

Lakini michango iliingia, tena haraka, juu hakuna mutu ambaye hakufungua ile barua mara mbili. Shangazi alituma dola mia mbili na pale pa kuandika sababu akaandika «maboga», kwa hasira. Binamu naye akaandika «maboga», kwa kucheka. Mutu wa kese, mwenye kuchunga feza, muzee wa haki kabisa, anaandika kile anachoona, akaandika maboga, maboga. Siku ya kufunga kilio hesabu ikasomwa mbele ya familia yote: sanduku hivi, muchele hivi, makayabu hivi, michango ya maboga hivi. Mujane akainua kichwa, akasema muzee alikuwa anapenda boga kweli. Na yule wa kukagua hesabu akavaa miwani yake, akapitisha kidole ku karatasi toka juu mupaka chini, akauliza: «Sasa faktire, risiti ya hayo maboga, iko wapi, na nani aliyakula?»