Fundi wa tovuti si mwizi

Wafanyabiashara wengi wa Lubumbashi wakigombana na fundi wao juu ya jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti kama ile ya .com, humwita mwizi siku ile ile. Sikubaliani nao. Mara nyingi kijana huyo alitumwa, akalipia jina kutoka mfukoni mwake, na fakture yake bado haijalipwa.

Kesi zenyewe hufanana. Mtu ana duka Kampemba, anauzia makampuni ya madini glavu na viatu vya usalama. Anamwambia fundi amfungulie tovuti. Fundi anasajili jina la .com kwa akaunti yake mwenyewe na tajiri hata haulizi. Miaka inapita, jina linachapwa kwenye fakture, linabandikwa kwenye gari, na oda za Likasi na Kolwezi zinaingia kupitia anwani zake za barua pepe. Halafu wanakosana. Hapo tajiri anagundua kwamba tovuti yenyewe ilikuwa jambo dogo: anayeshika jina anaweza kuelekeza barua zote za kampuni anakotaka, za benki zikiwemo.

“Mi njo nililipaka, papa,” fundi anajibu. Na msajili, yaani kampuni inayouza majina hayo, naye anamtambua mwenye akaunti, si mwenye duka.

Wajuaji watamshauri tajiri apeleke malalamiko WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, kule Geneva. Utaratibu huo uliwekwa na ICANN, shirika linalosimamia majina ya kikoa duniani, mwaka 1999 na umewarudishia wengi majina yao. Ada ni dola 1,500 kwa mwamuzi mmoja, lakini kikwazo kikubwa si pesa. Mlalamikaji athibitishe mambo matatu kwa pamoja: kwamba ana alama ya biashara inayofanana na jina hilo, kwamba aliyelisajili hana haki wala maslahi halali juu yake, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Sasa, nia mbaya gani, wakati wewe ndiye uliyemtuma? Hata cheti chako cha RCCM, yaani cha daftari la biashara, kinaonyesha tu kuwa kampuni ipo. Peke yake si alama ya biashara. Utaratibu ule ulilenga walanguzi wanaovizia majina ya wenzao, na ugomvi wa mkataba waamuzi mara nyingi huuachia mahakama. Fidia nayo hawatoi: wanahamisha jina au wanalifuta, basi.

Mimi ningeanza kwa kulipa deni. Mkae na avoka, mwandike karatasi ya ukurasa mmoja, fundi afungue kufuli la jina na kutoa msimbo wa uhamisho ili jina lihamie akaunti yako, naye apokee pesa yake papo hapo. Kuna watakaosema huko ni kumzawadia mtu aliyekubana koo. Kama fakture ni ya kweli, hiyo ni haki yake. Akidai maelfu ya dola kwa jina ulilolilipia wewe, hapo ni mahakama ya biashara, hapa hapa mjini, na ujumbe wa WhatsApp wa kumtuma kazi hiyo uwe umechapwa. Mahakama haina haja ya kumfikia msajili aliye Marekani. Inatosha imfikie fundi aliye Katuba.

Ila kesi ikiwa inaendelea, ada ya mwaka ya jina lazima ilipwe. Mkingojeana, muda utaisha, litafutwa, na mtu asiyejua hata Kampemba iko wapi atalisajili kihalali kabisa.